Kiti cha Pili

Fundi jirani yangu alikuwa na kigari cha viti viwili, alichoachiwa na Mbelgiji aliyekimbia mwaka wa uhuru. Hakikuwa na moteri. "Nitatia ya camion, ya lori kubwa," alisema leo. "Na boîte ya gia ya jeep," kesho. Kila asubuhi alifuta kiti cha pili, kisha akagusisha ncha ya turnevisi, bisibisi yake ndefu, kwenye chuma chini ya boneti tupu, mpini sikioni, kama fundi anayesikiliza moteri nzima.

Waasi walipokuja kukichukua kigari, alimpa mkubwa wao turnevisi. "Sikia, chef." Yule mkubwa alisikiliza, akavua kofia, akaondoka na watu wake.

Nikainama nami, mpini sikioni. Moteri isiyokuwapo ilikuwa inanguruma polepole.

Fundi akafungua mlango wa pili. "Ingia, mama Germaine. Ni weye tulikuwa tunangojea."