Siku Mama Alipoliliwa Akiwa Hai

Juzi, nikitoka biro, ofisini kwangu, nilimwona mwanamke amelala kando ya ndagala zake, dagaa alioanika kwenye mchanga wa ziwa, mdomo wazi, inzi wakimzunguka. Nikacheka peke yangu, maana utotoni mchana kama huo ulinitoa machozi.

Mama yangu alianika ndagala tangu alfajiri, na sikuwahi kumwona akilala jua likiwa juu. Mchana ule alitandika kitenge, akajinyoosha, akanyamaza. Mimi nilijua jambo moja: anayelala chini mchana, kimya hivyo, ni maiti. Nikapiga yowe la msiba.

Kwetu yowe lile haliulizwi. Wanawake waliacha ndagala zao, wakajifunga vitenge kiunoni, wakaja mbio wakilia. Harufu ya samaki na jasho ilitufunika. Katikati ya kilio Mama akaketi, shavu limejaa mchanga.

"Munalilia nani?"

Wote wakanigeukia. Akanitazama, akaelewa.

"Mutoto wangu, sijakufa. Nimechoka. Hivyo ni vitu viwili." Akamgeukia jirani yetu. "Mama Feza, ukigeuza zako, geuza na zangu."

Akalala tena, mbele ya waombolezaji wote.

Nilidhani ni uvivu, nikaona haya. Leo najua kupumzika kule ndiyo sababu bado anaanika, na mgongo wake haujapinda.

Jana niliomba konje ya wiki mbili, likizo yangu ya kwanza tangu niajiriwe. Shefu wangu wa biro, ambaye sote tunamwita Papa, akashangaa.

"Uko mugonjwa?"

"Hapana, Papa. Nimechoka. Sitangoja mpaka munililie."