Niliwashonea wanangu nguo bila kujua kimo chao

Wakuu, salamu kwenu nyote, wa bara na wa pwani.

Mimi humu huwa msomaji tu. Nasoma nyuzi zenu nikisubiri pasi ishike moto, nacheka peke yangu, nafunga simu narudi kazini. Leo naandika mimi. Sijaongeza chumvi. Waliokuwepo wako hai, na mmoja wao akisoma hapa atajijua.

Mimi ni mama wa watoto wawili. Kwetu ni Chara, lakini naishi Garsen kwa dada yangu Mwanajuma. Kazi yangu ni ushonaji. Cherehani yangu ya miguu iko barazani, ukipita kwenda sokoni asubuhi utanikuta.

Watoto wangu ni Saida na mdogo wake Bakari. Siishi nao. Ngojeni nieleze, msinihukumu kwanza.

Niliolewa na mtu wa Kipini. Tulikaa hapa hapa Garsen, ndoa ya kawaida tu, siku ya kununiana tunanuniana, siku ya kucheka tunacheka. Nilipojifungua Bakari nikaanza kukohoa. Nikadhani ni vumbi, mnaijua Garsen wakati wa kiangazi. Kumbe kifua kikuu.

Kwao wakaogopa, na siwalaumu kwa kuogopa. Mume wangu akawachukua watoto akawapeleka kwa mama yake Kipini, naye akabaki huko huko. Saida ndio kwanza alikuwa anatamka maneno yakaeleweka. Bakari nilikuwa bado namnyonyesha.

"Ukipona utawafuata," akaniambia.

Nilipona. Dawa nilimeza zote, hata zile siku zilizokuwa zikinitapisha. Lakini kabla sijazimaliza, talaka ilishanifikia kupitia kwa ndugu yake, na Kipini alishaingia mke mwingine, jina lake Rukia. Nilituma wazee wa kwetu wakazungumze. Wakarudi na jibu: watoto wameshazoea, mama yao asije akawavuruga. Namba yangu ya simu akaifungia.

Nikaenda mwenyewe. Baba yao akanikuta nje ya uzio, akasimama hapo hapo, hakuniacha nipite. Aliniambia watoto hawapo. Nikarudi na gari lile lile lililonileta.

Wakuu, Kipini si ng'ambo. Asubuhi unavuka daraja la Idsowe, unashika barabara ya Lamu, ukifika Witu unakata, adhuhuri haijaingia uko mjini kwao. Mwenye mtoto Saudia angalau anasema ni mbali. Mimi niseme nini?

Sasa mtu kama mimi afanye nini. Nikafanya ninachokijua. Nikaanza kuwashonea.

Vitambaa si shida kwa fundi. Mteja akileta kitambaa cha dera, kinabaki kipande, anakwambia kaa nacho. Vingine nilinunua. Gauni la Idi, kanzu ndogo, kaptula za kuvaa nyumbani, sare za chuo cha Kurani.

Shida ilikuwa kipimo.

Wasioshona wanadhani nguo ya mtoto ni nguo ya mkubwa iliyopunguzwa. Sivyo. Mtoto habaki alivyo. Ukimpima kabla ya mfungo, Idi ikifika vifundo vya mikono vimetoka nje ya shati. Lazima umwone. Na mimi wangu nilikuwa siwaoni.

Nikawa nampima Zuhura, binti wa dada yangu, kwa sababu yeye na Saida walizaliwa msimu mmoja. Bakari nilimkisia tu, nikitazama watoto wa umri wake wakipita njiani.

Zuhura maskini alisimamishwa sana. Yuko kwenye uji wake, namwita, anakuja na kijiko mkononi, namvalisha gauni lenye pini.

"Mama mdogo, hili ni langu?"

"Hapana, ni la Saida. Lako nakuja kukata."

"Saida ni mnene kama mimi?"

Nilimwambia ainue mikono.

Mwanajuma alinivumilia kwa muda mrefu. Nyumba yake ni ndogo, ina mume, watoto, kuku, na mimi na makorokoro yangu ya nyuzi. Siku moja alikuwa anapeta mchele mlangoni, akanitazama nikitia lastiki kaptula ya Bakari, akashindwa.

"Mdogo wangu," akasema, "unamshonea nani? Hao unaowashonea wako kichwani mwako. Wa Kipini wanakua huko."

Nilimjibu vibaya. Halafu nikalia, na yeye akaacha mchele akaja kukaa nami.

Mzigo nilikuwa naupeleka kwa Bi Mwanaesha, mama anayeleta samaki wa kukaanga kutoka Kipini siku za soko. Yeye ni mtu mzima, mpole, hapendi kuingia katika mambo ya watu. Namuuliza, ziliwatosha? Ananijibu, "Zimefika, mwanangu." Namuuliza tena, ulimwona Saida? "Nilimkabidhi mama wa pale nyumbani." Basi. Kila mara hayo hayo. Nikimwambia anipigie picha anasema simu yake ni ya tochi, na ni kweli.

Kwa hiyo miaka ikaenda hivyo. Nashona, natuma, naambiwa zimefika.

Mwaka huu mama mkwe wangu akafariki. Naendelea kumwita mama mkwe kwa sababu hakunikosea kitu. Ndiye aliyempa Bakari maziwa ya kikombe nilipokuwa nimelazwa. Bi Mwanaesha ndiye aliyeniletea habari, pale pale barazani, kapu la samaki likiwa bado kichwani.

Mwanajuma akaniambia, "Vaa twende. Msibani hakuna wa kukufukuza."

Nikachukua gauni la Saida nililokuwa nimemaliza juzi yake, la bluu, na shati la Bakari. Tukaondoka.

Kipini tulikuta watu wengi. Wanaume nje kwenye mikeka, wanawake ndani na uani. Nikaingia, nikatoa pole, nikakaa na wenzangu. Aliyekuwa mume wangu aliniona nilipopita. Akanitazama, akageukia wageni wake. Maiti ya mama yake ilikuwa bado ndani.

Macho yangu yakaanza kazi. Kulikuwa na watoto tele pale uani. Nikamtafuta mtoto wa kimo cha Zuhura. Nilimwona mmoja, nikaanza kuinuka, nikasikia anaitwa kwa jina jingine. Nikamwona wa pili, naye siye.

Kisha msichana mmoja mrefu akapita karibu yangu na jagi la maji, akiwapa wageni. Mrefu, miguu kama ya ndege, mabega yametanuka. Akanipa maji kwenye kikombe. Nikarudisha kikombe nikasema ahsante, akaenda kwa mwingine.

Mama mmoja kule pembeni akamwita, "Saida, leta na huku."

Wakuu, nilikuwa nimepokea maji mkononi mwa mwanangu na sikumjua.

Sitaeleza nilivyojisikia. Wenye watoto mnajua, na wasio nao hata nikieleza haitafaa.

Baada ya maziko, Rukia, yule mke, alikuja akanigusa bega. "Dada, njoo huku ndani kidogo."

Nilimfuata nikijua nakwenda kutukanwa. Nilikuwa nimejiandaa. Kwa miaka yote ile yeye ndiye niliyemchukia kuliko hata mume, nilimtengeneza kichwani awe na pembe.

Kumbe ni mwanamke mdogo tu, amechoka, ana mtoto mgongoni. Akafunga mlango wa chumba, akavuta begi chini ya kitanda, akalifungua.

Nguo zangu. Karibu zote. Zimefuliwa, zimekunjwa, zimepangwa.

"Usinielewe vibaya," akasema kwa sauti ya chini. "Kila zikija zinakuwa ndogo. Huyu mtoto amechukua urefu wa babake. Nilizoweza kufumua nikaongeza, nilifumua." Akanionyesha pindo. Alikuwa amefumua mshono wangu akashona kwa mkono, mishono mikubwa mikubwa ya mtu asiyejua kushona, lakini imekaza. "Nyingine nimemvalisha huyu wangu. Za Bakari zilimkaa mwaka mmoja hivi, basi. Nilitaka nikutumie kipimo. Nilimwambia baba yao. Akasema nikikutumia hata neno, nifungashe nikufuate huko Garsen."

Nikatazama mgongoni mwake. Mtoto alikuwa amevaa kishati changu cha mistari.

"Wamewahi kuniulizia?" nikamuuliza.

Akamkaza mtoto mgongoni. Halafu akasema, "Una futi?"

Fundi hatembei bila futi. Ilikuwa ndani ya mkoba.

Akatoka akarudi na Saida na Bakari. Bakari alikuwa na haraka, wenzake wanamngoja, nilipomzungushia futi kifuani alicheka kwa kutekenyeka, akakimbia kabla sijamaliza mguu. Hakunitazama hata usoni.

Saida alisimama vizuri. "Shikamoo," akasema.

"Marahaba, mama."

Nikapima bega. Nikapima mkono. Nilikuwa namgusa kwa mara ya kwanza tangu aondoke mlangoni mwangu amebebwa, na namba kwenye futi sizisomi. Nilijifanya napima tena ili nichelewe.

Akaniangalia nilivyoinama. Akauliza, "Kumbe wewe ndiye fundi wa Garsen?"

Nikainua macho kwa Rukia. Rukia alikuwa anafuta machozi kwa ncha ya mtandio. Akafungua mdomo. Nilijua anachotaka kusema, na nikamtikisia kichwa. Nje kulikuwa na msiba. Baba yake Saida alikuwa hatua chache tu kutoka dirishani. Na mtoto alikuwa amemzika bibi yake muda si mrefu. Nimtwike na hili pia, halafu niondoke?

"Ndiyo," nikasema. "Mimi ndiye fundi."

"Uniwekee mifuko," akasema. "Zako hazina mifuko. Na usiweke vifungo mgongoni, sipendi, siwezi kuvifunga mwenyewe."

"Nitaweka mifuko."

"Miwili."

"Miwili."

Akatoka kwenda kuosha vikombe.

Gauni la bluu na lile shati nilimwachia Rukia, amwekee huyo mtoto wake hadi akue. Tulipokuwa tunaaga, aliyekuwa mume wangu alitusindikiza mpaka njiani, kwa heshima ya watu waliokuwa wakitazama. Akaniambia, "Ulikuja kuzika, umezika. Nenda salama." Mwanajuma alitaka kumjibu, nikamshika mkono.

Ndani ya gari nilivirudia vipimo vyao moyoni hadi Garsen, nisivisahau.

Hayo ndiyo yaliyonikuta. Sasa vipimo ninavyo, nimekata, nimeshona. Gauni lina mifuko miwili, vifungo viko mbele. Limekwenda na nimeambiwa limefika. Na bado sijala chakula nikahisi ladha yake tangu siku ile, kwa sababu zamani nilijidanganya kwamba kila akivaa nguo ananikumbuka. Sasa najua anamkumbuka fundi.

Nilichojifunza ni kidogo, na hakinisaidii mimi, labda kitamsaidia mwingine. Ukiambiwa watoto wakae pembeni kidogo hadi upone, pona ukiwa unawaona, hata kwa mbali, hata kupitia dirishani. Mtoto hangoji. Na wewe unayelea mtoto wa mwenzio, mtajie jina la mama yake. Jina tu.

Najua wapo watakaoniambia niende kwa kadhi au mahakamani. Mwanajuma ananiambia hivyo kila asubuhi. Pengine nitakwenda. Ninachoogopa ni siku watakapoambiwa yule fundi amewashtaki baba yao.

Kwa hiyo naomba kuuliza, na nitasoma majibu yote, hata ya matusi. Kama kuna humu aliyempata mwanawe akiwa ameshamsahau, siku mlipokutana ulimwambia neno gani la kwanza?