Kapasita Tatu za Mzee Asiyeitikia Shikamoo

Nasema mapema: sikuwa na homa, sikuwa nimelala, na pombe sijawahi kuonja. Ilikuwa saa nane mchana, hapahapa Katesh, na anayetaka kubisha abishe. Mkoa wetu wa Manyara ulikuwa bado mpya. Watu wengine walikuwa wanaendelea kusema wako Arusha.

Baba yetu alikuwa fundi redio. Alipofariki, mwaka mmoja baada ya mama, mimi mtoto wa kwanza niliacha shule darasa la sita nikashika meza yake ya ufundi. Wadogo zangu walikuwa wanne. Baba mdogo alitaka kuiuza meza na kuwagawa watoto kwa ndugu: mmoja kijiji cha Daudi, mmoja cha Tlawi, wengine atakapoona. Nikamkatalia. Akacheka.

"Msichana fundi! Haya, ile deki ya CD iliyomshinda marehemu mwenyewe, ikiimba Jumamosi mbele yangu, nitanyamaza."

Deki ile ilikuwa ya zamani, nzito kama tofali. Nilipoifungua nikakuta kapasita tatu za sehemu ya umeme, vile vikopo vidogo vya kutunza chaji, zimevimba vichwa. Kuchagua za kubadilisha si kuokota tu. Baba alinifundisha: maikrofaradi, yaani kipimo cha chaji, zilingane, volti zisipungue, na upande wa hasi usiukosee. Zilizovimba zilikuwa za volti ishirini na tano. Nilikuwa nazo mpya za thelathini na tano kutoka Babati, zinazovumilia joto, ila ndefu. Ingebidi nizilaze ubavu ndipo mfuniko ufunge.

Hapo ukungu ukashuka kutoka mlimani, na mzee mwenye blanketi akasimama mbele ya meza.

"Shikamoo, babu."

Kimya. Nikadhani hasikii vizuri, nikarudia kwa sauti. Kimya. Wewe umewahi kumwona mzee wa huku anapewa shikamoo mara mbili bila kusema marahaba?

Akaweka mezani kapasita tatu, zinang'aa, fupi, saizi ileile kabisa.

"Weka hizi," akasema. "Itaimba kuliko siku ya kwanza. Baba yako alizikataa, ndiyo maana ikamshinda."

Niamini, nilizitamani. Namba zake zote zilikuwa sawa. Lakini kwenye meza ile hakiingii kitu bila kupimwa. Nikachukua mita ya mshale. Kapasita nzima hupandisha mshale mara moja, kisha unarudi taratibu na kutulia. Huu ulipanda, ukashuka, ukapanda, ukashuka. Nikaweka mkono kifuani: ulikuwa unakwenda sawasawa na moyo wangu. Nikashtuka, moyo ukaenda mbio. Mshale nao ukakimbia.

Unadhani nilitoka mbio? Niende wapi, na watoto wanne wanarudi kutoka shule jioni?

"Babu, chukua vitu vyako."

"Basi wadogo zako watagawanywa."

"Watagawanywa na nani? Wewe? Hata salamu inakushinda!"

Ng'ambo ya barabara mama muuza maandazi akapaza sauti: "We dada, unagombana na nani? Ukuta umekukosea nini?"

Nikageuka kumtazama. Niliporudisha macho, mzee hayupo. Kapasita zilikuwepo, zina joto kama yai lililotagwa sasa hivi. Nikazishika kwa vidole viwili, nikaenda kuzitumbukiza chooni. Sikuita mganga, sikuita mchungaji. Nilikuwa na kazi.

Nikachomelea zangu ndefu, nimezilaza ubavu. Jumamosi kwaya ikasikika mpaka barabarani. Baba mdogo alisikiliza wimbo mzima amesimama, akavaa kofia yake, akaondoka bila neno.

Lakini tangu siku ile vile vidole viwili havisikii joto. Risasi ya kuchomelea ikiyeyuka huniunguza nisijue mpaka nisikie harufu. Makovu ninayo, njoo uone.

Kwa hiyo nawe, ukiletewa kipuri kizuri na mtu usiyemjua, kipime kwanza, hata kama namba zinakubali. Asipoitikia salamu, usipokee kitu mkononi mwake. Na kama mzee yule anaisikia habari hii huko aliko: wadogo zangu wote wanne wamekulia nyumba moja. Aje tena akitaka. Saa mbili asubuhi huwa nimeshafungua.