Mguu wa Kuazima

Katika kazi yangu nimeshika vitu vingi vya kutia kinyaa, lakini hakuna kilichonishinda kama mguu wa baba mdogo. Kisigino kilikuwa kimepasuka hadi ndani, kucha zilikuwa nene na za manjano, na katikati ya vidole kulikuwa na unyevu mweupe wenye harufu ambayo sitaieleza, maana huenda unasoma huku unakula. Mguu huo niliupaka vaselini kwa mikono yangu mwenyewe. Niliingiza kidole changu katikati ya kila kidole chake, naye alikuwa akicheka tu kwa sababu anatekenyeka.

Ngoja nieleze ilikuwaje. Hapa Kasongo mimi natengeneza maua ya plafo, yaani ya dari, na nakshi za saruji za kuwekwa juu ya milango. Kalibu zake nazitengeneza kwa silikoni, ile ya kuzibia vioo vya madirisha. Peke yake inachelewa kukauka, kwa hiyo tunaikanda na unga wa muhogo, uleule tunaosongea ugali, nayo inashika haraka. Tabu ni harufu. Silikoni inanuka siki inayochoma pua, na unga wetu ni wa muhogo uliolowekwa mpaka ukachacha. Kanda vitu viwili hivyo kwenye jua la mchana, kisha uje uniambie kama utatamani chakula. Mke wangu haniruhusu kushika sahani kabla sijaoga, na ana haki.

Sasa, baba. Alikuwa akipeleka nguo za kuuza Salamabila, pikipiki ikamwangukia kwenye daraja la miti, na hospitalini wakamkata nusu ya mbele ya mguu wa kulia pamoja na vidole vyote. Alipona. Kutembea alitembea, ndani ya kiatu alichokijaza matambara. Lakini msikitini hakwenda tena. Huyu ni mtu ambaye tangu nikiwa mdogo hakukosa safu ya mbele siku ya Ijumaa, na msikitini kiatu kinabaki mlangoni. Akawa anaswali chumbani, mlango umefungwa, hata mimi mwanawe siingii.

"Baba yako atazeekea mule ndani kama mwali," mama aliniambia.

Nilitaka arudi kwenye safu yake. Hilo tu. Na kwa kuwa kazi yangu ni kunakili vitu, nikaona nitamnakilia mguu.

Nikaanza na ujinga. Nilichukua kalibu ya mguu wake mzima, wa kushoto. Ilitoka safi, kila mkunjo mahali pake. Nikaijaza, nikaifungua, nikauweka mguu mpya sakafuni mbele yake. Baba aliutazama, akanitazama mimi.

"Mutoto wangu, sasa niko na ya kushoto mbili."

Fundi mzima! Maua ya plafo hayana kulia wala kushoto, ndiyo maana sikuwaza. Ulihitajika mguu wa kulia wa mtu mwenye umbo lake, na katika ukoo wetu anao mtu mmoja tu, mdogo wake wa Lusangi. Simpendi sana baba mdogo. Anatafuna kwa sauti, anatema mate anapopenda, na msikiti anaujua kwa nje. Alikuja kwa baiskeli, akaketi kwenye kiti changu, akaninyooshea mguu wenye tope.

"Baba mudogo, tuoshe kwanza," nikamwambia.

"Ya nini? Si unataka muguu vile iko?"

Niliuosha mimi. Maji yalitoka na rangi ya chai. Nikaupaka vaselini ili silikoni isigande kwenye ngozi, nikalibandika donge lote juu yake, na ile siki ikaingia kwenye nyufa za kisigino. Alipiga kelele mpaka majirani wakaja kuuliza nani amekufa. Ilipokauka niliipasua pembeni kwa wembe, mguu ukachomoka na sauti ya kunyonya ambayo hadi leo hunijia nikiwa mezani.

Ubaya wa silikoni ni kwamba haichagui. Ndani ya kalibu zilikuwamo nyufa zote, kucha zote, na tundu la funza la zamani kwenye kidole kidogo. Nikapaka vaselini tena, nikajaza silikoni nyingine niliyoitia rangi ya kahawia, nikaacha nafasi ya kigutu kuingia, kwa kipimo alichonipa baba mwenyewe, na nyuma nikaweka ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli. Ulipotoka nilitamani kuutupa chooni. Mguu wa baba mdogo, bila baba mdogo, umekaa juu ya meza yangu unanuka muhogo!

Mwenyewe alifurahi. "Sasa muguu yangu itaingia musikitini mbele yangu. Iniombee."

"Nguo ya kuazima haisitiri matako," mama akasema, akaenda zake jikoni.

Baba aliuvalia chumbani kwake, akatoka. Alisimama, akashika kanzu, akatazama chini vidole vyake vya pande zote mbili.

"Ijumaa twende," akasema.

Tulipanga kila kitu. Atawadhe nyumbani, auvae mguu chumbani, nimpeleke kwa pikipiki hadi mlangoni, avue viatu, aingie. Nani angejua? Lakini mama alikuwa amepika maharage, na barabara zetu zina mashimo yake. Karibu na soko tuliruka shimo moja kubwa, nikasikia nyuma yangu sauti ambayo si adabu mtoto kuisimulia, halafu harufu, halafu mkono begani.

"Udhu imetoka," baba akasema.

"Baba, hakuna mutu amesikia."

"Mungu amesikia."

Basi ikabidi atawadhe upya, pale kwenye mabomba ya msikiti, mbele ya watu. Sakafu yake siipendi hata siku za kawaida, ina povu, kamasi na mate ya kila mtu aliyesukutua. Baba aliketi, akalegeza mpira, akauchomoa mguu. Nikakiona kigutu kwa mara ya kwanza. Kilikuwa cheupe kwa jasho, kimekunjamana, na unga ulikuwa umeganda kwenye mikunjo. Nikageuza uso. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Watu wakaacha kunawa. Baba hakuona mahali safi pa kuuweka mguu, akanipa mimi. Niliushika kwenye kidole gumba chake, mbali na kanzu yangu, jinsi unavyoshika panya kwa mkia. Mzee mmoja, jirani yetu, akainama akauchunguza.

"Hii muguu ninaijua," akasema. "Hii si ya mudogo yako?"

Wakacheka wote pale mabombani. Baba naye alicheka mpaka akajifuta macho. Kisha akakiosha kigutu polepole, kila mkunjo, na nilipomrudishia mguu akatikisa kichwa.

"Iko na harufu. Uache na viatu."

Nikauacha mlangoni katikati ya sandali za watu. Yeye alishika ukuta, akaingia akikanyagia kisigino, na safu ya mbele ikajibana ikampa nafasi. Nilisimama kuliani kwake. Nilijua kigutu kiko upande wangu, na nikaacha pengo ambalo mbuzi angepita.

Imamu akageuka kuangalia safu.

"Karibieni. Muguu kwa muguu. Musimuachie shetani nafasi."

Baba alikuwa akitazama mbele. Hakuweza kusogea, uzito wake wote ulikuwa juu ya kisigino, na niliona kanzu ikitetemeka. Wa kusogea nilikuwa mimi. Nikausukuma mguu wangu wa kushoto mpaka ukagusa kigutu. Kilikuwa na baridi ya maji, na ulaini ambao ngozi ya mtu haifai kuwa nao. Kinyaa kilinipanda hadi shingoni, nywele zikanisimama. Ndipo baba akaniegemea kwa bega apate kusimama sawa, na mguu wangu nikaukaza palepale, kwa sababu ningeuondoa angeanguka.