Siku Niliyowasomea Wakwe Mvua

Nimekaa na aibu hii tangu mwezi wa tatu, na kwa vile wajukuu wangu wameanza kuisimulia vibaya, wakiongeza chumvi hata pale penye chumvi ya kutosha, heri niiandike mwenyewe. Mimi, Kukhu wao, mwanamke ninayeogopwa kwa ukali hapa kijijini nje ya Kitale, nilichekwa na wakwe zangu mpaka wakashika mbavu, na nilistahili.

Mimi hupima mvua. Shule niliiacha darasa la nne, lakini namba nazijua, na mke wa kijana wangu, Nekesa, ambaye ni mwalimu, alinifundisha kuziandika kwa spredishiti (ni karatasi ya visanduku visanduku ndani ya simu, tarehe huku, milimita huku, na pembeni mahali pa kuandika maneno). Miaka sita sijaruka siku. Mtu akiniambia ati mwaka juzi mvua ilikuwa nyingi, namfungulia simu namwonyesha kwamba anadanganya.

Sasa, ng'ombe wangu alikuwa anajikuna kwa ule mti niliofungia kipima mvua, mpaka siku moja akauangusha. Ilifaa nichimbe shimo lingine mahali wazi, lakini jua lilikuwa kali na mgongo unauma, nikaona nguzo ya kamba ya nguo imesimama imara nyuma ya jikoni, nikasema, si hii inatosha? Nikakipigilia hapo. Uvivu wa dakika kumi, ndio ulinimaliza.

Jumamosi mimi hushinda kanisani na kina mama. Jumamosi ya kwanza nikarudi jioni, nikakuta kipima kina milimita kumi na mbili na ardhi chini yake imelowa. Kanisani hakukuanguka hata tone, lakini mvua ya huku unaijua, inanyesha upande mmoja wa barabara, upande wa pili watu wanaanika mahindi. Nikaandika. Jumamosi ya pili, kumi na tano. Nekesa akapita na beseni akaniona nikiandika.

"Mama, leo hapa hapakunyesha."

"Kati yako na kipima, nani ameshinda nje?"

Akaenda zake na beseni lake (mimi ndiye niliyemzoesha kutonibishia). Jumamosi ya tatu, kumi na nne. Ya nne, kumi na saba.

Haya yangekuwa yangu peke yangu kama si wakwe. Binti yangu Naliaka ameolewa Kamukuywa, na mama mkwe wake, Mama Wafula, anaongoza kikundi cha kina mama kumi na watano waliokodi shamba la mahindi hapa ng'ambo ya ua wangu. Wao wako mbali, kwa hivyo Naliaka aliwaambia kwa majivuno, "Mama yangu atatuambia udongo ukiwa tayari, yeye hakosei." Mbegu waliyokuwa nayo ni ile tu, hakuna nyingine, na ukiitia kwenye udongo mkavu unakuwa umewapikia mchwa na ndege. Shamba lenyewe nililiona kwa macho yangu, vumbi tupu, nikasema udongo wa upande ule unanyonya haraka. Hebu fikiria.

Jumapili alasiri nikaenda Kamukuywa na gauni langu la sherehe, Nekesa nyuma yangu amebeba mchoro wa mvua, kila siku na nguzo yake, tulioutoa kwa simu na kuuchapisha mkubwa. Kwetu mkwe ni mtu wa kujichunga mbele yake, huketi ovyo, husemi ovyo. Mimi nilisimama kama chifu, nikabandika karatasi ukutani.

"Milimita hamsini na nane kwa mwezi mmoja," nikasema. "Kesho mpande."

Wakapiga makofi. Mifuko ya mbegu iko pale kwenye kona, na Mama Wafula ameshamwambia mtu wa trekta afike alfajiri. Ndipo mama mmoja mzee, mwembamba, akasogea mpaka kwenye karatasi.

"Mama Naliaka, nisaidie. Hizi nguzo nne, si zote ni Jumamosi?"

"Ndiyo."

"Na siku zingine?"

"Sufuri."

"Kumbe! Mvua ya Kitale imeokoka, inashika Sabato!"

Chumba kikalipuka. Badala ya kushtuka, mimi nikapanda juu zaidi. "Mvua ina ratiba yake, mimi naandika tu. Nekesa, wewe huwa nyumbani Jumamosi. Hebu waambie."

Nekesa akaangalia miguu yake. "Mama, Jumamosi mimi huwa nafua blanketi."



"Unazianika wapi?" Mama Wafula akauliza, na sauti yake tayari inatetemeka kwa kicheko.

"Kwa kamba. Hapo juu ya kipima. Nikirudi kuzianua zimeshadondoka maji yote."

Bana, walicheka! Mmoja akataka kujua blanketi moja inatoa milimita ngapi. Mwingine akasema wakileta mashuka watavuna mara mbili. Naliaka wangu hakucheka, alikuwa ameinamisha kichwa, na niliiona ile mifuko kwenye kona na nikalikumbuka lile vumbi. Ningeweza kubishana, mdomo ninao. Nikabandua karatasi.

"Msipande," nikasema. "Nimekosea."

Mama Wafula akachukua simu akamzuia mtu wa trekta, kisha akanisogezea kiti.

"Keti, Mama Naliaka, chai inapoa. Miaka kumi na miwili tumekuwa wakwe, leo ndiyo nakusikia ukisema neno hilo."

"Na hamtalisikia tena."

Hapo hata Naliaka akacheka.

Mvua yenyewe ilikuja wiki mbili baadaye, siku ya Jumatano, ikanipata shambani ikanilowesha mpaka mifupa, nikawapigia simu nikiwa bado natiririka maji. Walipanda, na mahindi yao sasa yamenipita urefu. Zile Jumamosi nne sikuzifuta; pembeni, mahali pa maneno, nimeandika "blanketi" mara nne, ili nizione kila nikifungua. Shimo nimechimba, mahali wazi kabisa, mgongo ukiuma shauri yake. Na kumwuliza mtu aliyeshinda nyumbani hakunipunguzii kitu: maadamu niko hai, sitaandika tena mvua ambayo haikumlowesha mtu.