Binti Yetu Kwenye Mzani wa Bondeni

Kazi yangu ni kupima wanasayansi. Watu hucheka nikisema hivyo, lakini ndiyo kazi: nahesabu makala za wahadhiri wa chuo zimetajwa mara ngapi na wenzao, kisha nachora mistari. Zana zenyewe tumeazima. Wapima uchumi wanazo, wapima akili wanazo, wapima miili wanazo. Sote twauliza swali moja: huyu, akiwekwa kando ya rika lake, yuko wapi?

Sikuwahi kuliogopa swali hilo hadi asubuhi ile, kliniki ya Bondeni, binti yetu alipowekwa kwenye mzani.

Muuguzi alitia nukta kwenye kadi. Ilikuwa imeshuka chini ya mstari. Ya Rabi! Mchoro ule naujua, ndio ninaouchora ofisini kila siku, ila safari hii aliyemo ni mwanangu.

Nikakimbilia ujuzi wangu. "Sista, mwezi uliopita alipimwa na nguo zake na vikuku vya fedha miguuni. Leo yu uchi. Vipimo viwili visivyofanana havilinganishwi." Ndivyo ninavyowatuliza wahadhiri wanaokuja kwangu wakitetemeka, na huwa kweli. Vikuku alivishwa na mama yangu, kumkinga na jicho la hasidi. Mama, kupimwa kwenyewe hakutaki. "Mwampimapima, kwani mwamuuza?" husema. Leo tulivivua kabla ya kupima, tukavitia mkobani.

Mke wangu alifungua mkoba, akamvisha vikuku, nguo zote, hata kofia, na joto lote lile. Mtoto akalia. Nami nikauombea dua mshale wa mzani. Ulipanda kidogo, ukasimama. Nukta bado ikawa chini ya mstari.

"Pima tena," nikasema.

Akapima. Pale pale.

"Labda mzani wenu..."

"Baba," muuguzi alinikatiza kwa upole, "ndio niliowapimia wenziwe asubuhi yote. Mpelekeni hospitali, leo hii."

Wenziwe walijaa benchini, wanono, wakinyonya. Niliogopa hata kuwatazama. Mke wangu alikuwa keshamfunga mtoto kwa leso, anatoka. Mlangoni kikuku kimoja kikaponyoka mguuni, kikalia sakafuni. Mwezi uliopita mama yangu alikipitisha kwa mafuta, kwa jinsi kilivyombana.