Asubuhi Niliyoosha Gari

Nakumbuka asubuhi moja niliyoosha gari langu ili niende msibani, mwanangu, na mpaka leo sijui maji mengine yaliyonigharimu kama yale. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Wao walisema ya mtungini. Mimi yangu yalitoka kwenye mpira wa bustani, na niliyamwaga kwa mkono wangu huu huu, huku nikipiga mluzi.

Nakuhadithia kwa sababu juzi ulinionyesha picha kwenye simu. Gari la kuwasha kwa kubonyeza, lenye kioo kipana katikati kama televisheni, na ukisema nalo linajibu. Ukaniuliza, "Babu, na wewe utaachana lini na hicho chuma?" Nilicheka tu, maana ulikuwa na haraka. Leo kaa kitako.

Wakati huo nilikuwa kijana wa miaka ishirini na tisa, mfanyabiashara wa asali na nta hapa Tabora, na biashara ilikuwa imenikubali. Nikaagiza gari Dar es Salaam. Lilikuwa mtumba, lakini kwetu Gongoni lilionekana kama limeshushwa jana kutoka mbinguni. Gia zake zinajibadilisha zenyewe, vioo vinapanda na kushuka kwa kugusa kidole, na ukilifunga linalia "pii" na kukukonyeza kwa taa. Nilikuwa nalifunga na kulifungua bila sababu, mradi majirani wasikie. Kipya kinyemi ingawa kidonda, mwanangu, na kidonda changu nilikipaka mafuta kila asubuhi.

Kabla ya hapo nilikuwa naendesha Landrova ya Mjomba Shabani, kaka yake mama. Mjomba alikuwa fundi. Alinifundisha gari lile kama watoto wanavyofundishwa alifu na bee. Bomba la mafuta likiziba, unalipuliza kwa mdomo. Betri ikilala, unasukuma. Na kila Ijumaa tulifungua boneti tukaipiga injini maji mpaka ikang'aa, kisha tunaiwasha na inawaka. Liweke hilo la maji akilini, tutalirudia.

Jioni moja zikaja habari kwamba Mama Mkubwa Zuhura amefariki. Huyu alikuwa dada mkubwa wa mama na wa Mjomba, ameolewa katika kijiji kimoja mbele ya Urambo, kwenye njia ile ya zamani ambayo misafara ilipita ikielekea Ujiji. Ndiye aliyemlea mama, maana bibi yetu aliondoka mapema. Na hawa dada wawili walikuwa na ahadi yao ya tangu usichana: atakayetangulia, aliyebaki ndiye atakayemwosha. Mama hakuwa na neno jingine usiku ule zaidi ya hilo. "Nikamwoshe dada yangu. Mengine yote ya Mungu." Akafunga chupa ndogo ya marashi kwenye pindo la khanga, akalala nayo.

Maziko yalipangwa baada ya sala ya adhuhuri. Alfajiri Mjomba akaja na Landrova, imejaa shangazi na masufuria.

"Dada, panda twende," akamwambia mama.

Nikadakia kabla mama hajanyanyua mguu. "Shikamoo Mjomba. Mama atakwenda na mimi. Hapo mtamvunja mgongo bure. Nyie tangulieni, tutawapita Usoke."

"Marahaba." Akalitazama gari langu kwa muda, akanitazama mimi. Kwetu mjomba na mpwa huitana jina hilo hilo moja, basi akaniuliza, "Mjomba, na likilala njiani, utajitwisha?"

Nikacheka. Nilidhani uzee umeanza kumchanganya. Nani anajitwisha gari? Yeye hakucheka. Akaondoka na moshi wake.

Tungeondoka papo hapo nyuma yao, nisingekuwa na la kukusimulia. Lakini lile gari lilikuwa na vumbi la safari ya Nzega, nami nikawaza: ndugu wote watakuwa pale, wa Kaliua na wa Kigoma, nitafikaje na gari chafu? Sikuwaza kwamba nakwenda kupita barabara ya udongo asubuhi nzima, na kwamba nikifika litakuwa jekundu vilevile. Kijana akitaka kuonekana, akili huomba ruhusa ikaenda zake. Nikavuta mpira, nikaosha mlango, nikaosha magurudumu, nikafungua boneti nikaipiga injini maji, kama tulivyofanya kila Ijumaa.

Mama alikuwa amekaa barazani na mkoba wake mapajani. Akasema mara moja tu, "Baba, jua linapanda."

"Namalizia, Mama."

Tuliondoka saa mbili na nusu. Na kweli mwanzoni lilikwenda vizuri, sikufichi, mama alisinzia kwa ule ulaini. Tukapita Usoke. Mbele kidogo, katikati ya pori la miyombo, ikawaka taa ya manjano kwenye dashibodi mbele yangu. Nikaitazama, nayo ikanitazama. Ikawaka ya pili, nyekundu. Gari likakohoa, likapunguza nguvu lenyewe bila kuniuliza, likazima. Nikazungusha ufunguo. Likasema "tik". Nikazungusha tena. Halikusema hata hiyo tik.

Nikafungua boneti. Mwanangu, nilikuwa nimekaa na fundi miaka minane, mikono yangu inajua kazi. Lakini pale nilikuta mfuniko mweusi wa plastiki, na chini yake nyaya nyembamba zimefungamana kama tambi, na kisanduku kimefungwa pande zote. Hakuna cha kupuliza, hakuna cha kukwangua. Nilisimama na spana mkononi kama mtu aliyealikwa karamu akakuta milango imefungwa.

Akapita mrina asali mmoja na baiskeli yake, ndoo mbili nyuma. Mnyororo wa baiskeli ulikuwa umemtoka papo hapo mbele yetu, akaurudisha kwa kijiti huku akitusalimia. Mama akamjibu kwa Kinyamwezi, akamweleza msiba.

"Pole sana, mama," akasema. "Tusukume basi?"

"La otomatiki halisukumwi," nikajibu.

"Halisukumwi?" Akalizunguka lile gari taratibu. "Sasa lenyewe likikataa, linafanywaje?"

Mama akasimama, akakung'uta khanga. "Mwanangu, ukishusha hizo ndoo, utaweza kunipakia hata mpaka mahali penye gari?"

"Naweza, mama. Ndoo ataziangalia huyu kaka."

Hapo ndipo nilipofanya kosa la pili, na hili linanichoma kuliko la maji. Niliona aibu. Mama yangu, mwenye mwana mwenye gari, apakiwe kwenye baiskeli ya asali, apite Urambo watu wakimwona? Nikasema, "Mama, usihangaike. Limepata joto tu. Litawaka sasa hivi."

Mama akanitazama, akakaa chini. Aliniamini. Yule bwana akaahidi kufikisha habari msibani, akaenda zake, na sisi tukabaki. Siku hizo simu pale porini hazikushika, na basi la asubuhi lilikwishapita. Nilizungusha ule ufunguo mpaka kidole kikavimba. Kila nilipojaribu mama alinyanyua kichwa, na likinyamaza anakiinamisha. Jua likafika utosini. Likapita. Mama akatayamamu kwa mchanga, maji hatukuwa nayo, akasali adhuhuri pale pale pembeni ya barabara, na alipomaliza hakunyanyua kichwa tena nilipozungusha ufunguo.

Saa tisa tuliona vumbi, kisha tukaisikia sauti kabla ya kuiona. Landrova ya Mjomba. Mrina asali alikuwa amefika na habari, lakini alifika wameshatoka makaburini. Walimsubiri mama na maji yakiwa tayari mpaka joto likawashinda, ndipo wanawake wa jirani wakamwosha marehemu.

Mjomba hakunigombeza. Alimshika dada yake mkono akampandisha mbele. Nami nikapanda nyuma, pamoja na masufuria.

Tulipofika, mama alikaa mkekani na wale wanawake waliofanya kazi yake. Alitaka kujua kitu kimoja. "Maji yalikuwa ya moto au ya baridi? Dada hakupenda maji ya baridi."

Wakatazamana. Mmoja akasema, "Yalipoa, dada. Tulikuwa tunakusubiri."

Nilitoka nje. Nililia nyuma ya jiko la watu, mwanaume mzima. Mimi nilikuwa nimeosha gari, na mama akakosa kumwosha dada yake. Hakuna namna ya kulisema hilo likawa dogo.

Mjomba alinikuta pale. Akachuchumaa kando yangu, na ndipo akanieleza swali lake la asubuhi. Babu yake alikuwa mpagazi, alibeba mizigo ya watu kwenye njia hii hii. Na kwa mujibu wa Mjomba, yule mzee aliwaachia wanawe sharti moja: asubuhi kambini kuna watu wengi wa kukutwisha, hata mzigo mzito utapanda begani. Lakini njiani utautua tu, utake usitake, kwa kiu au kwa mwiba. Na pale ulipoutua pengine hakuna mtu. Kwa hiyo usichukue mzigo usioweza kujitwisha mwenyewe.

"Dar walikutwisha, mjomba," akasema. "Ukatembea vizuri. Leo umetua." Kisha akaongeza, "Na Landrova naimwagia maji kwa sababu naijua. Lile lako mimi silijui. Nawe hulijui. Ulimwagia maji kitu usichokijua."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Bahati mbaya guu lililovunjika halikuwa langu.

Gari lilivutwa mpaka mjini. Baadaye akaja fundi mwenye kikompyuta, akalichomeka waya, likamwambia yeye yote ambayo mimi halikuniambia: maji yameingia kwenye kontrol boksi, ambayo ndiyo ubongo wake. Akalitengeneza, likawaka, zuri kama zamani. Nililiuza mwezi huo huo. Mama hakunilaumu hata siku moja, na ningependa angenilaumu. Ila toka siku ile, kila nilipomwambia, "Mama, twende nikupeleke," alikuwa akiuliza kwanza, kwa upole kabisa, "Kwa gari gani?"

Mjomba alipozeeka aliniachia Landrova. Na mama alipofariki, binti zake, dada zangu, walimwosha. Mimi ndiye niliyechota maji na kuyapasha, nikayapeleka mpaka mlangoni yakiwa ya vuguvugu. Kisha tukampakia, tukapita Usoke, tukapita pale pale porini, tukamlaza kando ya Mama Mkubwa Zuhura kama alivyoagiza. Njiani plagi moja ilisumbua. Nilishuka, nikaifungua, nikaikwangua kwa msasa, nikaifunga, tukaendelea. Hakuna aliyeshuka isipokuwa mimi. Mama hakuwa na uwezo wa kuniuliza swali lake safari hiyo, lakini nilimjibu, kwa sauti, watu wote wakisikia: "Kwa Landrova, Mama."

Sasa sikiliza, mwanangu. Sisemi magari mapya ni mabaya. Yana mikanda ya maana na mifuko ya hewa ya kuokoa roho, hayanywi mafuta kama hiki chuma changu, na mgongo wangu ungeyashukuru. Wewe unayekaa mjini, kwenye lami, fundi mwenye kikompyuta yuko mtaa wa pili, endesha upendalo. Lakini umeniambia unataka la kwendea mashamba ya huko mbele ya Sikonge, ukiwa na mke mjamzito. Kwa safari hiyo usiache mbachao kwa msala upitao. Chukua gari ambalo likizima, wewe au fundi wa kijiji mtajua pa kuanzia. Na ukichukua lile la kuongea, basi lijifunze kabla hujaliringia, ujue linachukia nini, na siku litakapolala usiseme "litawaka sasa hivi" kwa sababu ya aibu. Anayekutegemea akitaka kupanda baiskeli, mpandishe baiskeli.

Na si gari tu. Kazi, deni, hata shamba: kabla hujakubali kutwishwa, jiulize kama njiani utajitwisha.

Mungu akupe chombo unachokijua, na njia ikurudishe kwa watu wako kabla maji hayajapoa. Na siku mkeo atakapokuuliza, "Kwa gari gani?", uwe na jibu la kumtazama nalo usoni.